Mradi wa Unguja kwa miguu: mimi, Mamkubwa na magoti yake

Mei, mwanzoni

Naanza kuandika hapa maana daftari langu la vipimo limeshajaa namba za simu za gesti za Unguja katikati ya viuno na mabega ya wateja, nikiendelea hivi kuna mtu nitamshonea gauni kwa kipimo cha nauli ya boti.

Mradi wenyewe uko hivi. Mamkubwa anataka kuiona Unguja kabla hajafa, maneno yake hayo sio yangu mi namwona mzima tu, na anataka aione kwa miguu yake. Hataki teksi wala gari ya kukodi yenye dereva wa kuongea njia nzima. Anasema ukipita mji ndani ya gari umeona vioo. Mi mwenyewe gari sina, leseni sina, na hela ya kukodi mtu siku nzima ndo kabisa, kwa hiyo kwenye hili tumekubaliana haraka kuliko kawaida yetu.

Nikamuuliza Unguja ipi sasa, maana kisiwa kizima hatukitembei. Akasema anataka pale penyewe, Mji Mkongwe, huko Nungwi kwa kulala mchangani hana shida nako, mchanga na maji anavyo Kibirizi, huku kwetu Kigoma, tangu azaliwe. Hapo mradi ukapungua ukawa kitu kinachoshikika. Mji Mkongwe UNESCO waliuingiza kwenye urithi wa dunia mwaka 2000 na eneo lenyewe limeandikwa hekta 96, yaani haufiki hata kilomita moja ya mraba. Alafu umekaa kwenye ncha ya nchi kavu, bahari pembeni, na upande wa ndani kuna barabara kubwa ya Darajani ambayo zamani palikuwa na mkono wa bahari wakaufukia. Kwa hiyo ukipotea vichochoroni unanyoosha tu, utatokea baharini au utatokea barabarani, na gari huko ndani haiingii hata ukiwa na hela. Na ni tambarare. Hilo la tambarare nimelizungushia kalamu nyekundu, sababu nitaeleza.

Mei, mvua zikikatika

Tarehe kwanza ndo vingine vifuate. Kwetu huku Kigoma mvua ni moja ndefu, ikianza kwenye Oktoba au Novemba ndo hiyo mpaka Aprili, Mei, alafu vumbi. Kule wana misimu miwili, masika ya Machi mpaka Mei na vuli ya kwenye Novemba. Dukani kwangu kuna dada kaniambia nendeni Aprili vyumba vinashuka bei sana, kweli vinashuka, ila vinashuka kwa sababu masika ya pwani sio manyunyu, na mji wa kutembea kwa miguu ukiwa umelowa hata raba haikusaidii, sakafu za mawe zinateleza na mimi nina mtu mwenye magoti.

Juni mpaka Agosti kuna kusi, upepo unapuliza, jua halichomi sana, pazuri, ila ndo wageni wa nje wanajaa na watoto wa shule nao wanafunga ule mwezi wa sita. Tumepiga hesabu tukaangukia Septemba. Mvua bado, wageni wanapungua kidogo, na mimi kazi za sare za shule zinakuwa zimeshapita. Kuna joto la unyevu ambalo sisi hatulijui, ziwa letu liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, kule ndo usawa wenyewe, ila joto tutalipangia masaa.

Mamkubwa alitaka twende siku za Mwaka Kogwa, ile sherehe yao ya mwaka mpya wa kienyeji, mwezi wa saba. Nikamwambia Mwaka Kogwa uko Makunduchi, kusini kabisa ya kisiwa, huko ni daladala kwenda na kurudi na kusimama juani. Akasema bas. Akasema bas kwa namna ile ambayo bado atalirudia.

Juni

Njia. Basi tumelitoa siku ya kwanza, Kigoma mpaka Dar kukaa kwenye kiti goti limekunjwa hiyo ni kumwumiza mtu kwa nauli yake mwenyewe. Tunapanda treni, ile ya reli ya zamani, daraja la pili kulala, anajinyoosha, anasimama anatembea kwenye korido, anashika dirisha. Chumba kina vitanda sita na wanawake wanakaa wenyewe. Jambo la kupigania dirishani kwa mkata tiketi ni KITANDA CHA CHINI, nimeandika kwa herufi kubwa, maana kile cha juu unapanda kwa kukwea na Mamkubwa hakwei.

Nikapanga tushuke Dodoma, tulale kwa mjomba, alafu kesho yake tuchukue treni ya umeme mpaka Dar. Hiyo ya umeme ilianza kwenda Dodoma Julai 2024, nauli ya kawaida ilitangazwa 31,000, na mwendo wake ni masaa kama matatu na nusu hivi wakati ya zamani kipande hicho hicho unalala unaamka. Kuna mtu atasema sasa si mngekaa tu humo humo mpaka mwisho mkaokoa hela. Tungeweza. Ila treni ya zamani ikichelewa inachelewa kweli kweli, na mimi sitaki kufika Dar usiku na mtu mzima na mabegi natafuta gesti ya haraka haraka mjini. Dodoma ndo kituo chetu cha kupumulia, tukichelewa tumechelewa kwa ndugu. Stesheni mbili za Dodoma hazipo sehemu moja, hapo tunachukua bajaji, na Mamkubwa ameipitisha hiyo bajaji kwa sharti kwamba haihesabiwi kwenye mradi.

Dar ndo panafurahisha. Stesheni ya treni ya umeme iko katikati ya mji, na boti za Unguja ziko pale pale ufukweni, unashuka na barabara ya Sokoine bandari ikiwa mkono wako wa kulia mpaka unaona kanisa la Mtakatifu Yosefu, gati liko ng'ambo ya barabara. Unatembea. Tunafika kwa treni, tunatembea, tunapanda boti, na boti nayo inakushusha Malindi kwenye ukingo wa Mji Mkongwe kabisa. Nilivyoiona hii kwenye ramani nikacheka mwenyewe, kutoka kwa mjomba mpaka kitandani Unguja gari tunalohitaji ni bajaji tu ya kwenda stesheni.

Boti yenyewe inachukua kama masaa mawili. Nikamwuliza Mamkubwa kuhusu kichefuchefu, mawimbi ya bahari sio ya ziwa. Akanitazama. "Mimi nimepanda Liemba mpaka Kasanga we hujazaliwa." Nikanyamaza, meli iliyoshushwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, ikazamishwa, ikaibuliwa, ikaanza tena kazi 1927, mtu aliyeipanda humshauri habari ya mawimbi. Ila vidonge nanunua kimya kimya, vyangu.

Juni, mwishoni

Malazi. Hapa nimekaa sana na naona hapa ndo mradi ulipokuwa unaweza kuharibika bila mtu kujua.

Ushauri wa watu wote ni mmoja, tafuta chumba kizuri cha bei nafuu. Haya, vya nafuu vipo vingi nje ya mji, Mombasa, Kiembesamaki, huko, ila ukilala huko kila asubuhi unaanza na daladala na kila usiku unamaliza na teksi, na mchana mtu akichoka hana pa kurudi. Mchana ndo muhimu. Sisi tutatembea asubuhi mapema, tutarudi ndani kabla ya adhuhuri, aswali, alale, tutoke tena baada ya alasiri. Huo mpango unawezekana tu kama kitanda kiko ndani ya Mji Mkongwe wenyewe. Kwa hiyo chumba cha bei juu kidogo ndani ni rahisi kuliko cha bei chini nje, ukijumlisha na nauli, na mi hesabu za kitambaa nazijua, ukipunguza mita moja unaishia kununua mbili.

Jambo la pili ambalo hakuna aliyeniambia nimelipata kwa kuangalia picha. Nyumba za kule zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, kuta nene, ghorofa mbili tatu, na dari zinabebwa na boriti za mikoko. Boriti ya mkoko ina urefu wake haizidi, ndo maana vyumba vingi vyembamba na virefu. Na ngazi nazo zimebanwa humo humo, zimesimama wima, kila hatua ni ya juu. Picha zote za gesti wanakuonyesha kitanda cha besera na neti, ngazi hawaonyeshi. Nikaanza kupiga simu moja moja na swali langu lilikuwa hilo tu.

Mmoja akaniambia zipo ngazi chache tu dada, nikamwomba picha, kimya mpaka leo. Mwingine, gesti ya upande wa Kiponda, akapokea mwanamke sauti ya taratibu.

"Assalaam alaykum dada, naulizia chumba cha chini kabisa. Nakuja na mama yangu mkubwa, magoti yanamsumbua."

"Waalaykum salaam, karibu. Cha chini kipo kimoja tu, dirisha lake laangalia uani, halitazami njia. Mtaridhika nacho?"

"Ngazi zenu zikoje?"

"Ngazi zetu ni za wazee, zimesimama hasa. Watu wazima twawapa cha chini."

Nikalipa nusu siku hiyo hiyo. Dirisha la uani sio shida, hatuendi kukaa dirishani. Na nikamwuliza swali ambalo lilikuwa linanikaa kooni, yale mabaraza ya mawe nje ya nyumba za watu, mpita njia akikaa wenyewe wanasemaje? Akacheka. Akasema kaeni, toeni salamu, mtu mzima amekaa barazani hakuna atakayemwinua.

Julai

Hilo la baraza limebadilisha mradi wote. Nilikuwa nimeandika orodha ya vitu vya kuona, kama watu wote wanavyofanya, nimeifuta. Sasa napanga vipande vya kutembea, kila kipande kinaanzia pa kukaa na kinaishia pa kukaa, na cha kuona kinaingia kama kipo njiani.

Tumeanza mazoezi. Asubuhi tunatoka nyumbani Ujiji tunatembea mpaka pale kwenye mnara wa Livingstone, tunakaa chini ya mwembe, tunarudi. Nimegundua Mamkubwa anakwenda vizuri kabisa kama robo saa, mwendo wake wa kuongea, baada ya hapo anaanza kuangalia mawe ya kukalia huku anajifanya anaangalia nyumba za watu. Sasa robo saa ya mwendo wake Mji Mkongwe ni mbali sana, kutoka Forodhani baharini mpaka Darajani unakata mji mzima na haufiki mbali, kwa hiyo tuko vizuri.

Tukajaribu na mlima wa Mwanga hapa Kigoma, tukashuka na barabara ya Lumumba mpaka stesheni. Kupanda alipanda bila neno. Kushuka ndo palimwuma, goti linabeba mwili wote kwenye mteremko, na hiyo ndo sababu ya ile kalamu nyekundu, kule hakuna mlima wa Mwanga. Fimbo amekataa. Anasema fimbo ni ya wazee. Ana miaka sitini na kitu.

Nimemshonea begi la kuvaa begani la kitenge cha maua mazito, mkanda mpana usimkate, zipu inaangalia mwilini sio nje, mfuko wa pembeni wa chupa ya maji, na kimfuko cha ndani cha kitambulisho maana kwenye boti wanataka kitambulisho. Mikono yote miwili inabaki huru ya kushika ukuta. Nimeshapata oda mbili za begi hilo hilo kwa majirani kwa hiyo mradi umeanza kujilipa, kidogo.

Julai, siku ya gulio la maneno

Mawese.

Nilijua yatakuja. Mamkubwa ana binti wa jirani yake wa zamani kaolewa Unguja, anakaa Michenzani, na haiwezekani mtu atoke Kigoma aende kwa mtu aliyetoka Kigoma mikono mitupu. Sawa, hiyo hata mi nakubali. Ila yeye alikuwa ameshaweka oda ya dumu la lita ishirini, na kiroba cha dagaa, na migebuka mikavu, na alikuwa anaulizia kama mikungu ya ndizi inavumilia treni.

Nikamkalisha chini. Nikamwambia Mamkubwa shikamoo kwanza. Marahaba. Sasa tusikilizane, huu mradi hauna gari. Kila tunachobeba kinatembea na sisi, kutoka stesheni Dar mpaka kwenye boti, kutoka kwenye boti mpaka Kiponda, kwenye vichochoro ambavyo vespa ikija unajibanza ukutani. Nani anabeba dumu? Akasema hamali wapo. Nikasema hamali wapo na bei zao zipo. Akasema "mwanangu, mtu hapimi zawadi kwa kilo." Nikasema mi napima, mi ndo nabeba.

Tulinuniana mpaka jioni. Shabani mtoto wa mjomba ndo katutoa hapo, yeye anatangulia Dodoma shuleni na mzigo wake unakwenda kwa basi, kasema dumu kubwa alibebe yeye liwe la nyumbani kwao Dodoma, si ndo tunalala kwao, si nao wanastahili mawese. Unguja tunakwenda na chupa mbili za lita na nusu zimefungwa nailoni juu kwa juu, na dagaa wale wakubwa waliokaushwa vizuri wasionuka, kilo chache. Migebuka imefutwa. Mamkubwa amekubali ila amesema nimwambie yule binti kwenye simu kwamba uchache huo ni wa treni, sio wake yeye. Nimemwambia.

Michenzani kwenyewe ni ng'ambo ya barabara ya Darajani, ile mitaa ya maghorofa marefu, kwa hiyo hata kumfikishia tunatembea, kipande kimoja na mapumziko mamoja.

Agosti

Vipande vya kutembea, mpaka sasa. Sijavipa namba ya siku maana siku itategemea goti limeamkaje.

Kipande cha baharini, jioni: kutoka gesti kushuka mpaka Mizingani, unapita pale penye Mti Mkubwa na zahanati ya zamani yenye roshani za mbao zilizochongwa, unafuata ukuta wa bahari mpaka Forodhani. Beit el Ajaib, lile jumba la maajabu la sultani, iko hapo, ilijengwa 1883, ila upande wake mmoja uliporomoka Desemba 2020 na tumeiweka ya kutazama kwa nje tu. Ngome Kongwe iko ubavuni, kivuli, pa kukaa. Usiku Forodhani wanachoma, mishikaki, pweza, juisi ya miwa, urojo. Ushauri wa kila mtu aliyeenda ni ule ule, uliza bei kabla hujashika kijiti. Mamkubwa pweza ameshamkataa kwa picha. Mi nitamla mbele yake.

Na maji yao yanaondoka! Sisi wa ziwani hili lilitupa shida kidogo, ziwa letu liko pale pale asubuhi na jioni, kule maji yanakupwa na kujaa kila siku na tofauti yake kwenye bamvua, siku za maji makubwa, inaweza kufika mita nne. Vijana wa Forodhani wanaruka ukutani maji yakijaa, kwa hiyo kama anataka kuwaona tuangalie saa ya maji kwanza, sio saa ya ukutani.

Kipande cha Mkunazini, asubuhi. Hiki ndo alichokitaka tangu mwanzo na mengine yote ni nyongeza. Sisi wa Ujiji tumekua na ile miembe, wazee wanasema ilipandwa njia ya misafara, watumwa na pembe za ndovu zikitoka Kongo zinavuka ziwa zinapita hapa, zinapita Tabora, zinashuka Bagamoyo, alafu Unguja. Mamkubwa anasema mwanzo wa njia ameukalia maisha yake yote, anataka kuuona mwisho wake. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa 1873, Sultani Barghash alibanwa na Waingereza akatia saini, na mwaka huo huo wakaanza kujenga kanisa la Waanglikana pale pale sokoni. Nje kuna sanamu za watu wamefungwa minyororo shingoni, wamesimama kwenye shimo. Ndani kuna msalaba uliochongwa kwa mti wa kule Chitambo, Zambia, ambako Livingstone alikufa na moyo wake ukazikwa chini ya mti huo. Yaani yule yule wa mnara wetu, aliyekutana na Stanley hapa Ujiji mwaka 1871. Mwili wake watumishi wake kina Chuma na Susi waliubeba kwa miguu mpaka pwani, wakapitia Tabora, na mi nalalamika lita ishirini za mawese.

Kiingilio kipo na wenyeji wana bei yao, kitambulisho kikae karibu. Baada ya hapo hatuongezi kitu asubuhi hiyo. Nilikuwa nimeweka na soko la Darajani maana liko hapo hapo nyuma, nimelitoa, mtu akitoka sehemu kama ile humpeleki kubishania bei ya vitunguu. Darajani itakuwa asubuhi nyingine, mapema, mnada wa samaki ukiwa bado.

Kipande cha Shangani na milango. Tutatoka Forodhani tuingie mtaa wa Gizenga, tutokee Shangani. Ile milango ya kuchonga, ya Kiarabu ya zamani juu imenyooka, ya Kihindi inakuwa na upinde na misumari ya shaba. Nyumba ya Tippu Tip, yule mfanyabiashara wa watumwa na pembe za ndovu, iko huko, unaangalia mlango kwa nje unaendelea. Baba yake alikaa Tabora miaka mingi, akaoa kwa mtemi Fundikira wa Unyanyembe, kwa hiyo hata yule ni wa njia yetu. Mamkubwa kasema mlango atautazama, mwenyewe hamwombei. Na Freddie Mercury, yule mwimbaji wa bendi ya Queen, alizaliwa hapo Unguja 1946, nyumba wanayosema ni yao ipo Shangani, mi nitapiga picha niwarushie wenzangu, Mamkubwa hamjui na sina haja ya kumweleza juani.

Nyumba aliyokaa Livingstone mwaka 1866 kabla hajaondoka safari yake ya mwisho iko nje ya Mji Mkongwe, upande wa Malindi kwenda Funguni. Hii bado inabishaniwa. Mi nasema ni mbali kwa kipande kimoja na njiani hakuna mabaraza, ni barabara ya magari. Yeye anasema mtu wa Ujiji ukifika Unguja usiione nyumba hiyo utarudi kusema nini. Nimeiandika kwa penseli.

Agosti, katikati

Mambo madogo madogo ila ndo yanayoharibu safari.

Choo. Vichochoroni hamna, kwa hiyo kila kipande nimekiwekea sehemu ya kunywa chai yenye choo au kinarudi karibu na gesti. Naona aibu kuandika ila mtu anayepanga kutembea na mtu mzima asiyepanga choo hajapanga kitu.

Swala. Misikiti Mji Mkongwe imejaa, ila sio yote ina sehemu ya wanawake, dada wa gesti kasema atatuonyesha wa karibu wenye sehemu hiyo. Ijumaa mchana tunakaa ndani, maduka mengi yanafunga na njia zinajaa watu wa msikitini, hiyo siku anapumzisha goti.

Ramani ya simu. Nimeipakua ikae hata bila bando, ila watu wananiambia kule katikati ya kuta ndefu kile kinukta kinaruka kinakuweka nyumba ya tatu. Nimechora ya mkono kwenye karatasi ya patani, ile ngumu ya kahawia, nimeweka bahari, Darajani, gesti, msikiti, na mabaraza niliyoyaona kwenye picha za watu. Shabani anacheka. Karatasi haiishi chaji.

Mapapasi, wale vijana wanaowinda wageni, pale bandarini watatupokea wote kwa pamoja, teksi mama, hoteli mama, spaisi tua mama. Tumefanya mazoezi. Mamkubwa anasema "ahsante mwanangu, tunapokewa" na anaendelea kutembea hasimami. Anaisema vizuri sana, mpaka mi mwenyewe naamini tunapokewa.

Viatu. Ndala zimekatazwa. Yeboyebo zimekatazwa, japo amepiga kelele. Raba tumenunua mtumba Mwanga, laini, soli nene, anavaa nyumbani na soksi anafagia nazo uwanja zizoee mguu.

Agosti, mwishoni

Tiketi za treni zimepatikana na kitanda cha chini kimepatikana, nimesimama dirishani mpaka yule baba akanikariri. Mi niko juu yake. Pesa ya boti iko pembeni, boti tutakata ya saa sita na nusu mchana sio ya asubuhi, ili tusikimbizane na mtu Dar, na tukifika Unguja jua linakuwa limeshaanza kulegea, tunatembea mpaka Kiponda taratibu, njia nimeikariri: unatoka getini, unaacha bahari kulia, kona ya msikiti, kushoto.

Nyumba ya Livingstone ya Funguni imetoka kwenye penseli imeingia kwenye kalamu. Nimeshindwa. Tutakwenda kwa miguu na kurudi kwa daladala, yeye ndo kasema mwenyewe kwamba daladala sio gari, ni basi dogo, na mi sijabisha.

Kilichobaki: kumalizia nusu ya gesti, kupeleka mawese kwa Shabani kabla basi lake halijaondoka, kununua vidonge vya kichefuchefu, na raba ya mguu wa kulia inambana kidole cha mwisho kwa hiyo kesho naipeleka kwa fundi viatu pale sokoni aitie kalibu, ikishindikana tunanunua nyingine wiki hii hii, maana kiatu kipya hakivaliwi siku ya safari.